Cheche Inayoimba: Mjadala wa Spika ya Plasma ya Kutengeneza Nyumbani

Spika ya plasma haina karatasi wala sumaku. Spika ya kawaida husukuma hewa kwa karatasi ngumu iliyogandishwa kwenye koili. Hii huitumia hewa yenyewe. Umeme wa volti nyingi huruka kati ya ncha mbili za chuma, na hewa iliyo katikati hugeuka plasma, yaani gesi ya moto iliyopokonywa sehemu ya elektroni zake na kuanza kupitisha mkondo. Mkondo ukizidi, hewa hupata joto na kutanuka; ukipungua, hupoa na kusinyaa. Nguvu ya cheche ikipandishwa na kushushwa kwa kufuata wimbo, kutanuka na kusinyaa huko ndiko kunakosikika.

Mkoa wa Njombe una spika ya namna hii ambayo hakuna aliyeikusudia. Njia ya umeme ya msongo wa kilovolti 220 inayotoka Makambako kwenda Songea kupitia Madaba, iliyozinduliwa mwaka 2019, ni ya aina inayovuma na kukwaruza asubuhi za ukungu. Matone ya maji juu ya waya huukusanya msongo mahali padogo mpaka hewa ya jirani ianze kupitisha umeme. Kwa kuwa umeme wa gridi huzunguka mara 50 kwa sekunde, na hewa hushtuliwa mara mbili katika kila mzunguko, sauti ya chini ya mvumo huo ni ya mapigo 100 kwa sekunde. Ngurumo ya radi ina asili hiyohiyo: hewa iliyopashwa joto na kutanuka ghafla.

Aliyeligeuza jambo hilo kuwa muziki alikuwa Mwingereza, William Duddell, karibu na mwaka 1900. Taa za barabarani za wakati huo zilitumia tao la umeme kati ya vijiti viwili vya kaboni, nazo zilikuwa na kelele za kuudhi. Duddell aliunganisha koili na kapasita kwenye tao hilo, akaona linatoa noti safi, na kwa kubadilisha vipimo vyake akapiga nyimbo mbele ya wahandisi wa London. Siegfried Klein alitengeneza spika ya aina hiyo miaka ya 1950, na mwaka 1978 Mmarekani Alan Hill akaingiza sokoni spika iliyochoma cheche yake ndani ya gesi ya heli. Zote zilikuwa ghali na chache.

Leo kifaa hicho kimeshuka hadi kwenye meza ya fundi wa redio, na sababu yake ni runinga za chogo. Tangu nyumba nyingi zihamie kwenye runinga bapa, chogo zinabaki vibandani bila mwenyewe, na ndani ya kila moja mna transfoma ndogo ya flaibeki iliyokuwa ikiipa kioo volti 20,000 na zaidi. Hoja inayojadiliwa hapa ni hii: je, fundi wa Makambako au kijana wa sekondari wa Njombe anaweza kutengeneza spika ya plasma nyumbani kwa usalama? Sauti ni nne, za aina za watu na si za watu fulani: Fundi wa redio, Mwalimu wa fizikia, Mtu wa Laini anayefanya kazi kwenye nguzo za umeme, na Mama Mwenye Nyumba ambako kibanda kimepangishwa.

FUNDI. Vitu vyote vipo mezani. Flaibeki ya chogo, transista ya nguvu yenye bati la kupozea, IC ya TL494, na betri ya pikipiki ya volti 12. IC inaiwasha na kuizima transista mara elfu 30 hadi 50 kwa sekunde, sikio halisikii kasi hiyo. Muziki wa simu unaingia kwenye IC na kurefusha au kufupisha muda wa kuwasha. Cheche inafuata. Na watu wa mkoa huu hawakusubiri cheti ndipo waguse umeme. John Fute, Mzee Pwagu, alifua umeme wa maji kwa mtambo aliojijengea, mpaka Rais Magufuli akamtambua.

MTU WA LAINI. Mzee Pwagu ana heshima yake, kaka, lakini usimwingize hapa. Umeme wa volti 230 unakupata ukiugusa. Volti 20,000 hazisubiri kuguswa, zinaruka zenyewe. Kwenye kituo cha kupoza umeme cha Makambako kuna umbali wa kusimama, na fundi aliyesomea hauvuki. Wewe kibandani una meza ya upana wa mkono mmoja.

FUNDI. Zinaruka, lakini nyuma yake hakuna mkondo. Betri ikitoa ampea 3 kwa volti 12, hizo ni wati 36. Gawa kwa volti 20,000, unapata chini ya miliampea 2. Mtu anashtuka, hafi.

MWALIMU. Hesabu hiyo ni ya kabla cheche haijawaka. Ikishawaka, hewa ya katikati imekwisha kuwa kipitishio, na volti kati ya ncha zinaanguka hadi elfu moja au chini ya hapo. Wati ni zilezile. Kwa hiyo mkondo unapanda hadi makumi ya miliampea. Kipimo kinachotumiwa kwa umeme wa nyumbani ni kwamba kwenye miliampea 10 hivi mkono unashindwa kuachia waya, na kuanzia kama 50 mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Huwezi kuchukua volti za wakati mmoja na mkondo wa wakati mwingine ukasema umepata usalama.

FUNDI. Lakini ni umeme wa kasi kubwa, mwalimu. Wote tunajua unapita juu ya ngozi.

MWALIMU. Wote tunasema hivyo. Kwa mizunguko elfu 50, kina ambacho mkondo unaweza kuingia kwenye mwili ni zaidi ya mita moja, na mtu hana unene huo. Unapita ndani. Kinachobadilika ni kwamba neva hazishtuki kama zinavyoshtuka kwa umeme wa mizunguko 50, kwa hiyo maumivu huchelewa. Nyama inaungua huku mwenyewe hajui. Tena flaibeki za chogo za miaka ya mwisho zina dayodi ndani yake, na umeme unaotoka unaelekea upande mmoja tu, kwa hiyo hata hiyo nafuu ya kasi haipo yote.

Mtu wa Laini ana hoja moja zaidi, nayo ndiyo nzito kuliko zote katika mjadala huu. Vifo katika kazi hizi havitokani sana na flaibeki ya betri. Vinatokana na fundi aliyeridhika na cheche ndogo, akataka kubwa, akachukua transfoma ya jiko la maikrowevu na kuichomeka ukutani. Transfoma hiyo hutoa volti 2,000 hivi, moja ya kumi ya flaibeki, na kwa sababu hiyo huonekana ya upole. Lakini inaweza kusukuma nusu ampea na zaidi, kwa mizunguko ileile 50 ambayo moyo huivumilia vibaya mno. Kapasita iliyo kando yake hubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa. Kuigusa mara moja hakuachi nafasi ya kujifunza.

FUNDI. Hiyo siitetei. Ila watu wana sakiti breka ya usalama, ile inayokata mtu akipigwa shoti.

MTU WA LAINI. Ile inakata ikiona mkondo uliotoka haukurudi kwa njia yake. Upande wa pili wa transfoma haiuoni kabisa. Mkondo unatoka kwenye koili, unapita kwako, unarudi kwenye koili. Kwa breka, nyumba ni salama. Na nyumba nyingi ethi yake ni kipande cha chuma kilichopigwa kwenye udongo mkavu, hakuna aliyekipima tangu siku ya kufungiwa umeme.

MWALIMU. Kuna pia hatari ya kabla ya kuanza. Kioo cha chogo chenyewe ni kapasita. Runinga iliyochomolewa jana inaweza kuwa na chaji leo. Anayetaka flaibeki huanza kwa kuunganisha waya kwenye fremu ya chuma inayozunguka kioo, upande wa pili wa waya kwenye bisibisi ndefu yenye mpini wa plastiki usio na ufa, kisha kuipitisha chini ya kifuniko cha mpira mpaka chaji itoke. Anarudia baada ya dakika chache, maana chaji hujirudisha kidogo.

FUNDI. Hilo kila fundi wa TV analijua.

MWALIMU. Mwanafunzi halijui, na ndiye anayekuja kwako kuomba flaibeki.

Fundi hajashindwa hapo. Betri inabaki kuwa chaguo bora kuliko ukuta, kwa sababu nguvu yake ina kikomo na haina uhusiano na ardhi. Kosa lake liko kwenye neno "hafi", kwa maana hakuna hesabu inayompa haki ya kulisema.

Suala linalofuata halipo katika maelekezo yanayotoka nchi za mabondeni, nalo linaihusu Njombe moja kwa moja.

MWALIMU. Vitabu vinasema hewa hupasuka kwa volti 3,000 kwa kila milimita. Hiyo ni hewa ya usawa wa bahari. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu yake, Makambako ni zaidi ya 1,600. Kwa mwinuko wa Njombe mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 78 ya ule wa Dar es Salaam. Baridi inarudisha kidogo, kwa sababu hewa baridi ni nzito. Ukijumlisha yote, cheche ya hapa inahitaji volti pungufu kwa moja ya sita hadi moja ya tano.

FUNDI. Kwa hiyo tunapata cheche ndefu kwa betri ileile.

MWALIMU. Na pengo uliloambiwa linatosha kati ya waya na mkono wako halitoshi tena. Kipimo chochote cha umbali kilichoandikwa kwa ajili ya pwani, hapa kiongezwe kwa robo. Transfoma nayo inaweza kupasukia pembeni, kwenye miguu yake, mahali ambapo ingetulia ikiwa Tanga.

MTU WA LAINI. Ongeza ukungu. Asubuhi ya Juni bodi imelowa bila kumwagiwa maji. Umeme unatambaa juu ya unyevu na vumbi.

Mwinuko, basi, humpa fundi cheche nzuri zaidi na kumpunguzia nafasi ya kukosea, vyote kwa pamoja.

MAMA MWENYE NYUMBA. Nimewasikiliza wanangu, mnazungumza waya tu. Mimi nauliza huo moshi. Anapochezea kile kitu, harufu inafika chumbani kwangu, kama ile ya baada ya radi. Na mwezi wa Julai hapa hakuna anayefungua dirisha.

FUNDI. Si moshi, mama. Ni ozoni.

MAMA MWENYE NYUMBA. Iwe na jina lolote, mtoto anakohoa.

Swali lake ndilo lililokaribia kusahaulika, na ndilo linalowagusa watu wasiokuwa na habari na cheche. Umeme ukipita hewani huvunja oksijeni na naitrojeni. Cheche ya baridi isiyoonekana sana, kama ile ya kwenye waya za msongo mkubwa, hutoa zaidi ozoni. Tao la moto la spika hutoa kwa wingi oksaidi za naitrojeni, na hizo pia huunguza njia ya hewa. Viwanda katika nchi nyingi huweka kikomo cha ozoni kuwa sehemu 0.1 katika milioni ya hewa kwa mtu anayefanya kazi siku nzima. Pua huinusa ozoni hata ikiwa kidogo kuliko hapo, kisha huizoea. Fundi aliyekaa ndani nusu saa haisikii tena, na kudhani imekwisha.

Nyumba za Njombe zimejengwa kuzuia baridi. Madirisha ni madogo, na usiku jiko la mkaa mara nyingi huingizwa ndani, desturi ambayo peke yake imekwisha kuua watu kwa hewa ya mkaa. Kuongeza cheche kwenye chumba kama hicho ni kuongeza sumu ya pili. Alan Hill alitumia heli kwa sababu hiyo hasa: gesi hiyo haitengenezi ozoni. Heli haipo Makambako kwa bei ya fundi, kwa hiyo kinachobaki ni barazani, chini ya paa, upepo ukipita, na kwa dakika chache.

MTU WA LAINI. Si baraza lolote. Kibanda cha huyu kimepakana na kiwanda cha mbao. Maranda yapo mpaka mlangoni, vumbi la msumeno liko hewani. Cheche ina joto la maelfu ya nyuzi.

FUNDI. Hapo nakubali. Jirani akipasua mbao, siwashi.

MWALIMU. Na ncha za cheche usitumie misumari ya kuezekea bati. Imepakwa zinki, na zinki ikiungua moshi wake unaleta homa na kifua. Chukua msumari wa kawaida usiopakwa, au kijiti cha tangsteni kisichochanganywa thoriamu, maana thoriamu ina mionzi.

Lipo swali ambalo wapinzani wa spika hii hulipenda: kazi yote hiyo ni ya nini? Jibu la kweli halimsaidii sana Fundi. Cheche ya sentimita moja haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti nzito. Besi haipo; ngoma haisikiki, sauti ya mwimbaji inatoka nyembamba kama ya redio ndogo. Inachofanya vizuri kuliko karatasi ni sauti za juu kabisa, kwa sababu haina uzito wa kuanzisha na kusimamisha. Mtu anayetaka kusikiliza muziki akanunue spika. Anayetaka kuona kwamba sauti ni hewa inayotikisika, bila kitu kingine cha kuitikisa, hatapata somo lililo wazi kuliko hili.

MTU WA LAINI. Na majirani wanaosikiliza redio?

MWALIMU. Wanaathirika. Transista inayowaka na kuzima mara elfu 40 kwa sekunde inatoa mawimbi kwenye mizunguko elfu 40, elfu 80, elfu 120 na kuendelea, mpaka kwenye masafa ya kati na masafa mafupi. Miaka michache baada ya Duddell, Mdenmaki Valdemar Poulsen aliligeuza tao lake kuwa mtambo wa kurushia mawimbi ya redio. Kwa hiyo kifaa hiki, kikiachwa wazi na nyaya ndefu, ni kituo kidogo cha redio kisicho na leseni, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ina nguvu juu yake chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Nyaya fupi na sanduku la wavu wa chuma vinapunguza sana.

Baada ya hapo pande zote zinakubaliana juu ya mambo mengi kuliko ilivyotarajiwa, na makubaliano yenyewe ni ya kazi. Chanzo ni betri ya volti 12, yenye fyuzi ya ampea 5 karibu na ncha yake, kwa sababu hata betri ya pikipiki ikipata shoti inayeyusha waya. Hakuna waya unaokwenda ukutani, na chaja haiunganishwi wakati wa kuwasha. Muziki hutoka kwenye kifaa cha bei ndogo kilichotenganishwa na bodi kwa transfoma ndogo ya sauti, wala si kwenye simu iliyo mkononi au masikioni. Bodi na flaibeki vinafungwa kwenye ubao mkavu uliopigwa vanishi, na cheche inakaa ndani ya sanduku la wavu wa chuma lililounganishwa na upande hasi wa betri, ili waya ukichomoka uguse wavu kabla ya kugusa mtu.

Swichi ni ya kubonyeza na kushikilia: kidole kikiondoka, umeme umekatika. Iwe kwenye waya wa mita moja au zaidi. Mkono mwingine unakaa mfukoni au mgongoni, desturi ya mafundi wa zamani wa TV, kwa sababu mkondo unaoingia mkono mmoja na kutokea mwingine hupita kifuani. Pengo la ncha hurekebishwa betri ikiwa imechomolewa na ncha zimeguswishwa pamoja kwa waya wenye mpini. Miwani ya plastiki ngumu huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa urujuanimno, ambao mafundi wa kuchomelea wanaujua kwa macho kuwasha usiku. Mtu mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa hakai karibu. Na hakuna anayewasha akiwa peke yake. Lazima awepo wa pili anayejua kwamba jambo la kwanza ni kuchomoa betri, siyo kumshika aliyepigwa.

FUNDI. Yote hayo naweza. Basi nimeruhusiwa kutengeneza na kuuza.

MTU WA LAINI. Kutengeneza, ndiyo, wewe uliyefungua chogo miaka yote hiyo. Kuuza, hapana. Mteja atafungua sanduku kuona ndani, au betri ikiisha atatafuta adapta ya ukutani. Hutakuwepo.

FUNDI. Na mwanafunzi?

MWALIMU. Shuleni, ndiyo. Vijana wanapeleka kazi zao kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania tangu mwaka 2012, na kifaa hiki kingefaa pale: kina fizikia ya kidato cha tatu na cha nne, sauti na umeme, katika kitu kimoja. Lakini flaibeki ikae kwenye kabati la mwalimu, na mwanafunzi ajenge upande wa volti 12 tu: IC, transista, muziki. Upande wa volti nyingi ufungwe na mtu mzima na ubaki umefungwa.

FUNDI. Atakuwa amejifunza nusu.

MWALIMU. Nusu iliyo ngumu. Ile nyingine ni waya mbili na pengo.

MAMA MWENYE NYUMBA. Na kwangu?

FUNDI. Barazani, mama. Mchana, kiwanda kikiwa kimefungwa, na siku ambayo hakuna ukungu.

MAMA MWENYE NYUMBA. Jumapili, basi. Baada ya ibada.